Mfupa wa Shingo ya Gitaa

Mume wangu alipoteza vidole vya mkono wa kushoto mchana, katikati ya msimu wa alizeti, wakulima wakiwa wamejipanga nje ya mashine ya kukamua mafuta na magunia yao. Kipande cha kamba ya gunia kilikuwa kimeingia pamoja na mbegu kikanasa chini, pale parafujo kubwa inapoanza kusukuma. Kuzima mashine kulimaanisha kusafisha na kuanza upya, na watu walikuwa wanalalamika tangu asubuhi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika beleshi, kwa hiyo aliingiza wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyonieleza mwenyewe, mara moja tu, na hakurudia tena.

Siku waliyofungua bandeji kwa mara ya kwanza pale hospitali, aligeuza uso ukutani akaniambia niangalie mimi. Nesi akafungua taratibu, huku akimwagia maji ya dawa pale kitambaa kilipogandia.

"Niambie kimebaki nini," akasema.

Nikamwambia gumba limebaki zima, na cha mwisho kimebaki kipande. Kisha akamuuliza nesi kama gumba linaweza kujikunja. Nesi akamwambia ajaribu. Likajikunja kidogo. Wakati ule sikuelewa kwa nini aliuliza jambo dogo hivyo wakati mkono mzima ulikuwa umekwisha.

Nyumbani kwetu Mwankoko kulikuwa na gitaa la umeme, jekundu, rangi imechubuka pale mkono unapolalia. Alikuwa nalo kabla hajanioa. Siku za kazi alikuwa mtu wa mashine, ananuka mashudu mpaka kwenye nywele. Jumapili alikuwa mpiga solo wa kwaya ya kanisa letu, na harusi nyingi za mjini alipiga yeye. Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya gitaa nilikuwa siyajui, ila niliijua sauti yake. Nikikaa upande wa akina mama niliweza kuitenga na kinanda na ngoma na sauti za watu wote, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wako gizani.

Aliporudi kutoka hospitali hakuliangalia. Lilikuwa juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na yeye alikuwa analala chali akitazama dari upande mwingine. Ilikuwa miezi ya upepo, ule upepo wetu wa Singida unaoingiza vumbi hata kwenye sufuria lililofunikwa. Watu walikuja na sukari na unga, wakasali, wakaondoka wakipangusa macho. Mwenye mashine naye alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaacha ndoo ya mafuta ya alizeti mlangoni. Sikutaka kuyagusa. Lakini mafuta mengine hayakuwepo, na watoto walitaka kula, nikayakaangia mboga. Mume wangu alipotia tonge la kwanza mdomoni alitulia kidogo.

"Haya ni ya pale," akasema.

Nikaitikia kwamba ndiyo. Akaendelea kula mpaka akamaliza. Mimi sikuweza.

Baadaye akaja mwalimu wa kwaya. Aliongea vizuri, alisali vizuri, akauliza habari za kidonda. Alipokuwa anaaga akasema kuna kijana amejitolea kushika solo kwa muda, ila hana chombo, na sikukuu inakaribia, basi kama ingewezekana gitaa lingetoka kidogo kuliko kukaa bure. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Kwaya ilikuwa na kazi ya kufanya. Mume wangu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa anajibu watu kwa kichwa tu, akainuka akakaa kitako.

"Gitaa halitoki humu ndani, mwalimu. Utanisamehe."

Mwalimu akasema hakuna shida, akaondoka. Kesho yake asubuhi nikiwa kwenye cherehani barazani nikasikia kabati likigonga ukuta. Nilipoingia nilimkuta amelishusha gitaa kwa mkono mmoja, limemkaa mapajani kinyume, shingo imeelekea kulia. Alikuwa analiangalia kama mtu aliyevaa kiatu cha mguu mwingine.

Akanieleza alichokuwa amekifikiria tangu siku ile ya nesi. Mkono wa kulia, wenye vidole vyote, ungejifunza kubana nyuzi. Ule wa kushoto, uliobaki gumba, ungezichapa. Angefunga kile kiplastiki cha kuchapia kwenye gumba kwa mpira wa baiskeli. Wapo watu wanaozaliwa hivyo, akasema, wanapiga kwa kushoto, na hakuna anayewashangaa. Kilichotakiwa ni kugeuza nyuzi tu, nene iende juu na nyembamba ije chini. Akaniomba nimsaidie, kwa sababu kufungua nyuzi kunataka mikono miwili.

Tukazigeuza. Na hapo ndipo nilipokiona kile kitu kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimelifuta vumbi gitaa lile miaka yote. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kipande chembamba kimelazwa kukingama, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kina mifereji sita midogo, kila uzi na wake, na nyuzi hulala humo kabla ya kushuka shingoni. Mafundi wanakiita nati, akaniambia, lakini si nati ya kufunga kwa spana. Mifereji ilikuwa imechongwa kwa mpangilio wa zamani. Uzi mnene ulikataa kuingia kwenye mfereji mwembamba, ukakaa juu ukingoni, na ukichapwa unaruka. Uzi mwembamba ulikuwa unachezacheza kwenye mfereji mpana, ukitoa sauti ya nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

Akasema tukigeuze chenyewe. Nikakigonga kwa kipande cha mti na bisibisi kama alivyonielekeza, kikatoka, lakini kikamega pembeni. Kilikuwa cha plastiki tu, tena kizee. Hata hivyo tulijaribu kukirudisha kinyume, na hakikukubali. Kumbe kimeinama upande mmoja, kikigeuzwa nyuzi zote zinakoroma. Kuanzia siku ile gitaa halikuwa la mkono wa kulia wala wa kushoto.

Tukaenda mjini. Kulikuwa na duka karibu na soko linalouza maspika, vinanda na vipaza sauti vya makanisani, na mwenye duka alikuwa akimjua mume wangu kwa sura kwa sababu ya nyuzi alizokuwa akinunua hapo. Lakini siku hiyo mume wangu alikuwa amevaa koti na mkono uko mfukoni. Akaomba kuona nati zote zilizopo. Mwenye duka akatoa vipakiti vyenye vumbi: vya plastiki nyeupe, vya plastiki nyeusi, na kimoja cha shaba kilichotolewa kwenye gitaa lililovunjika.

Nilijifunza siku ile jinsi kitu hicho kinavyochaguliwa. Alikuwa anakidondosha kimoja kimoja juu ya kioo cha kabati, anasikiliza, anakirudisha. Plastiki ilianguka bila kusema kitu. Shaba ililia kwa ukali mpaka nikasikia kwenye meno. Akanipa nami nidondoshe, akaniuliza ninasikia nini, na mimi nikasema ukweli kwamba ile ya shaba inapiga kelele na zile nyingine zimekufa. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Tangu ajali ilikuwa mara ya kwanza nimuone akifurahia jibu langu.

Lakini vyote vilikuwa vimechongwa kwa mkono wa kulia. Mume wangu akaeleza anachotaka. Mwenye duka akacheka kwa wema, akasema hajawahi kuulizwa hicho tangu afungue duka, huyo anayepiga kwa kushoto ni nani hapa Singida.

Mume wangu akatoa mkono mfukoni akauweka juu ya kioo, katikati ya zile nati. Ngozi ilikuwa bado nyekundu, inang'aa, na mishono inaonekana. Mwenye duka akaangalia, halafu akaanza kupanga vipakiti ambavyo havikuhitaji kupangwa. Akasema pole. Akasema ataagiza Dar es Salaam, itakuja na basi, na tusiwe na wasiwasi juu ya malipo. Mume wangu akamwambia atalipa kama watu wengine.

Ilikuja baada ya muda, imefungwa kwa karatasi nyingi utadhani dhahabu. Ilikuwa ya kushoto kweli, lakini ilikuwa fupi kuliko shingo ya gitaa letu. Tulipoiweka, uzi wa pembeni ulianguka nje. Mwenye duka alipiga simu mbele yetu, akaambiwa ndiyo hiyo tu iliyopo. Tulirudi kwa bodaboda moja, mume wangu katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno.

Jioni ile akaniambia habari za mfupa. Mtu aliyemfundisha gitaa alikuwa na nati ya mfupa wa ng'ombe, aliyoitengeneza mwenyewe zamani vitu vya dukani vilipokuwa haviji huku, na sauti yake alikuwa hajaisahau. Mfupa huja bila mifereji. Unaichonga mwenyewe unavyotaka, kulia au kushoto. Akaniangalia mikono.

Nikaenda buchani. Alikuwa amenipa maelekezo: mfupa wa mguu wa nyuma, ule mnene, wa ng'ombe aliyekomaa. Muuza nyama akaanza kuupasua kwa shoka akidhani ni wa supu, nikamzuia, nikamwambia naomba mzima. Akauliza kama ni wa mbwa. Nikasema ndiyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nikauchemsha, nikatoa uboho, nikauchemsha tena na sabuni ya unga mpaka mafuta yakaisha, nikauanika juu ya bati mbwa wasifike. Watoto walikataa kukaa jikoni kwa sababu ya harufu. Ulipokauka vizuri niliukata kwa msumeno wa chuma niliouazima kwa fundi baiskeli, nikapata kipande kama cha biskuti. Kisha nikaweka msasa juu ya kioo na kuanza kukisugua, huku mume wangu amekaa kwenye kigoda mbele yangu na gitaa mapajani, akikipima kila mara kwenye nafasi yake na kunirudishia. Bado. Sugua huku. Bado. Umepinda. Vumbi la mfupa lilikuwa jeupe, laini, linanuka kama nywele zilizoungua, linaingia puani na kukaa kwenye kanga.

Tuligombana sana siku zile, kuliko wakati wowote wa ndoa yetu. Alikuwa anajua kila kitu kinachotakiwa kufanywa na hawezi kukifanya. Mimi nilikuwa naweza na sijui. Kuna wakati alininyang'anya kile kipande akajaribu kukikandamiza kwa kile kiganja chake na kukisugua kwa kulia, kikamtoroka, kikaanguka kwenye mchanga. Nikakiokota. Nikakipuliza. Nilikuwa nakaribia kumwambia neno baya, lakini nikamuona anavyokitazama mkononi mwangu.

"Wangu ulikuwa mweupe kuliko huo," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Mfupa wangu. Niliuona kabla damu haijaja. Ulikuwa mweupe kabisa."

Nikakiweka kile kipande chini. Hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikisugua mfupa mbele ya macho yake, nikimpa aushike, nikimpa aunuse. Nikasema tuache, tununue ile ya shaba, tutajua cha kufanya. Akasema kwa Kinyaturu, ambacho kwa kawaida alikuwa akikisema na mama yake tu, kwamba niendelee. Nikaendelea, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia.

Mifereji ndiyo iliyokuwa kazi. Kwa nyuzi nene nilitumia tupa ndogo ya kunolea msumeno; kwa nyembamba nilianza kwa wembe ninaofumulia mishono, halafu nikavuta uzi wa zamani wa gitaa huku na huku mpaka ukajichimbia njia. Mfereji ukiwa juu mno, vidole vinaumia kubana. Ukiwa chini mno, uzi unagusa vyuma vya shingoni na sauti inakufa. Kipande cha kwanza nilikiharibu kwenye mfereji wa mwisho kabisa. Niliupitiliza kwa unene wa karatasi, nikausikia uzi ukigusa chuma. Hakunigombeza. Nadhani alikuwa ameshachoka kunigombeza. Nikakata kingine.

Cha pili kilikubali. Nikakibandika kwa tone la gundi, nikafunga nyuzi, nikazikaza huku yeye akisikiliza na kuniambia juu, juu, rudisha kidogo. Kisha akafunga kiplastiki kwenye gumba, akachomeka waya kwenye spika ndogo, akachapa nyuzi zote sita bila kubana.

Ile sauti sijui niielezeje. Ilikuwa safi, ndefu, imejaa chumba, na ilipoisha hatukusikia imeisha lini. Binti yetu aliyekuwa nje alikuja mlangoni akasimama. Mume wangu akachapa tena, na tena. Nikaona machozi yake yakishuka bila uso kubadilika. Nilidhani tumefika.

Lakini nati inatawala nyuzi zikiwa wazi tu. Ukishabana kidole popote shingoni, kazi yake imekwisha, na sauti inategemea mkono. Na mkono wa kulia haukujua kitu. Vidole vilivyobeba beleshi na magunia miaka yote vilikuwa vizito, vinabana nyuzi mbili mahali pa moja. Alifanya mazoezi kila siku, asubuhi mpaka watoto wanarudi shule. Nilikuwa nashona barazani nikisikia mwanzo wa wimbo mmoja ukirudiwa, unakatika palepale kila mara. Kidonda kilikuwa kimefunga, ila gumba lilivimba kwa kuchapa na mpira ulikuwa unamchuna.

Kibaya zaidi ni kile alichoniambia jioni moja nikimpaka mafuta ya kuchua. Alisema vile vidole ambavyo havipo vinaendelea kupiga. Kila anapotaka kubana kwa kulia, anavihisi vya kushoto vimeshatangulia, viko mahali pake sawasawa, vinabana kabisa, na vinauma. Alisema anavijua kila kimoja kiko kwenye uzi gani. Nikamuuliza kama nimpeleke hospitali. Akauliza watatibu nini.

Jumapili ya kwanza aliyokubali kwenda kanisani tulikaa nyuma. Yule kijana alikuwa amepata gitaa la kuazima kwingine, na alipiga vizuri. Nilitamani apige vibaya. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akampa mkono wa kulia, akamwambia uzi wake wa pili umelegea. Kijana akamwamkia shikamoo, akashukuru. Nyumbani akalala na viatu.

Mvua zilipokaribia tuliamua kuhamia kwao Mgori, kwa mama yake, kulima. Mjini hakukuwa na mashine ambayo ingempa kazi, na cherehani yangu peke yake haikutosha. Sasa tunalima uwele na mtama, na alizeti pia. Jembe analishika kwa mkono wa kulia na kulikandamiza kwa kiganja cha kushoto. Amejifunza, na anachoka upesi. Mama yake anafunga kamba na mizigo kwa niaba yake bila kuulizwa, na yeye anamwacha.

Gitaa tulikuja nalo. Nyumba ya mama haina umeme, kwa hiyo ile spika imekaa kwenye gunia, na gitaa la umeme bila spika halina sauti ya kumfikia mtu aliye ukumbini. Kuna kanisa dogo hapa, na waumini walipojua walikuja kumuomba awafundishe watoto wao. Akawaambia hajui kupiga. Walirudi mara ya pili, akawaambia vilevile, wakaacha.

Jioni zingine, kazi zikiisha, analitoa. Habani tena popote. Alinielekeza nizikaze nyuzi kwa namna ambayo zikichapwa wazi zinakubaliana zenyewe, na anazichapa kwa gumba, polepole, sauti ileile moja. Aliye karibu tu ndiye anayeisikia. Mimi hukaa karibu nikichambua mlenda. Hajaniuliza kama ni nzuri, na mimi sijamwambia chochote. Baada ya muda analirudisha kwenye mfuko, ananiomba nimfungie zipu, na tunaingia kulala.